Majirani kumi wanaotaka kusikika: mkutano, kamati, kikundi au chombo cha watumiaji?

Choo cha shule kimejaa, zahanati haina maji, au wageni wameonekana wakipima eneo la malisho. Majirani wanane au kumi wanakaa chini ya mwembe na kukubaliana kwamba jambo hili lisiachwe. Kabla hawajainuka, mmoja anauliza: "Tusajili kikundi?" Mara nyingi jibu sahihi ni hapana, bado. Usajili una kazi yake, lakini watu wengi huumaliza mwaka mzima wakitafuta mhuri, na siku wanapoupata, jambo lililowakutanisha limeshaamuliwa na wengine.

Kwa Tanzania Bara zipo njia nne ambazo kundi dogo la wananchi linaweza kuzitumia kushiriki katika kujitawala. (Zanzibar ina shehia, na sheha huteuliwa, kwa hiyo mengi ya hapa hayahamishiki huko.) Zote nne ni halali. Kinachozitofautisha ni aina ya nguvu unayoipata: uamuzi, macho ya kukagua, fedha mkononi, au usimamizi wa rasilimali.

| | Kundi la majirani kupitia mkutano mkuu | Kamati iliyochaguliwa | Kikundi kilichosajiliwa | Chombo cha watumiaji au wasimamizi |
|---|---|---|---|---|
| Mnapata nini | Uamuzi unaoibana serikali ya kijiji | Haki ya kuona hesabu na vifaa | Akaunti, mali, mikopo | Mamlaka juu ya maji au msitu |
| Muda wa kuanza | Wiki 2 hadi 6 | Mkutano mmoja | Miezi kadhaa | Mwaka au zaidi |
| Gharama | Karatasi na nauli | Muda mwingi, posho hakuna | Ada, katiba, vikao vya kudumu | Wahudumu, vitabu, ukaguzi |
| Hufa kwa sababu | Hakuna muhtasari | Wajumbe wanasubiri posho | Mkopo unameza ajenda | Mapato hayasomwi kwa wananchi |

Kundi la majirani na mkutano mkuu

Hii ndiyo njia tunayoshauri watu waanze nayo, na ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Ibara ya 146 ya Katiba ya 1977 inasema madhumuni ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982, yaani Sura ya 287, inaufanya mkutano mkuu wa kijiji kuwa chombo cha juu kabisa kwa mambo ya kijiji. Mjumbe wake ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, inatekeleza yanayoamuliwa pale. Kwa hiyo mkazi yeyote ameshakuwa mjumbe wa chombo kinachoamua, bila katiba wala ada. Kilichokosekana ni maandalizi, na hapo ndipo kundi dogo linapofanya kazi.

Watu 7 hadi 12 wanatosha. Wakiwa watatu, jambo litaonekana ugomvi wa familia. Wakizidi 15 hawawezi kukaa kila wiki, na mzungumzaji mmoja atawameza wote. Wachanganywe kwa kitongoji, jinsia na chama cha siasa. Hapa tahadhari moja: balozi wa nyumba kumi, ambaye wazee wanamkumbuka kama mlango wa kwanza wa serikali, tangu mfumo wa vyama vingi urudi 1992 ni kiongozi wa chama, si wa serikali ya kijiji. Ni mtu mwema wa kuwaita majirani, lakini hoja ikipitia kwake peke yake, nusu ya watu wataiona ni ya chama.

Kazi ya kwanza ni kuandika tatizo kwa sentensi mbili zenye mahali, idadi na kipimo. "Shule yetu haina vyoo" ni kilio. Linganisha na hii: "Shule ya msingi ina wasichana 210 na matundu 4 ya wasichana. Kwa kiwango cha tundu 1 kwa wasichana 20 yanatakiwa matundu 11, pungufu ni 7." Hoja ya namna hii haipingwi kwa maneno matupu, kwa sababu anayetaka kuipinga itabidi aende akahesabu.

Kisha barua. Iandikwe kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji, nakala kwa mwenyekiti wa kijiji na wa kitongoji, ikiomba jambo liwe ajenda. Ifike kabla ya kikao cha Halmashauri ya Kijiji, ambacho hukaa kila mwezi, maana ajenda za mkutano mkuu hupikwa huko. Nenda na nakala mbili: moja ibaki ofisini, nyingine urudi nayo imegongwa mhuri na kuandikwa tarehe ya kupokelewa. Nakala hiyo ndiyo itakayokutetea siku mtu akisema hakuwahi kuiona.

Kosa kubwa hapa ni kusubiri "mengineyo". Mtu mwenye hoja nzito ananyoosha mkono saa kumi na moja jioni, nusu ya watu wameshaondoka kuwahi mifugo, mwenyekiti anasema "tumelipokea, tutalifanyia kazi", na muhtasari unaandika "wananchi walilalamikia vyoo". Hilo halikuwa azimio. Hakuna mtu aliyeagizwa kitu, na mkutano ujao hakuna cha kukiuliza.

Azimio lina vitu vitatu: nani, afanye nini, hadi lini. Kwa mfano: "Mkutano umeazimia kwamba Halmashauri ya Kijiji iwasilishe kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata ombi la matundu 7 ya vyoo, kabla ya tarehe 30 Novemba, na mtendaji alete majibu kwenye mkutano unaofuata." Mtoa hoja aseme hivyo, mwingine aunge mkono, mwenyekiti awahoji wajumbe, kura zihesabiwe. Kabla watu hawajatawanyika, mwombe katibu asome kwa sauti alichoandika. Ni dakika moja tu, na ndiyo dakika yenye thamani kuliko zote, kwa sababu sentensi itakayosomwa pale ndiyo itakayorudi mkutano ujao chini ya "yatokanayo". Mmoja wa kundi aandike daftari lake pia: tarehe, idadi ya waliohudhuria, azimio neno kwa neno, kura.

Mkutano mkuu unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Penye vijiji ambavyo hukaa miezi minane bila kuitana, sababu ya kawaida si uvivu: taarifa ya mapato na matumizi haijaandaliwa, na mkutano ukiitwa lazima isomwe. Kundi likilijua hilo, halipotezi nguvu kwa kugombana. Linaandika barua fupi kuomba taarifa ya robo mwaka pamoja na tarehe ya mkutano, nakala kwa mtendaji wa kata, na lisipojibiwa kwa mwezi, kwa mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya. Msijaribiwe kuitisha mkutano wenu wa hadhara mahali pake. Kwanza unahitaji taarifa polisi saa 48 kabla, pili hata ukifana, ulichoamua hakiibani Halmashauri ya Kijiji.

Na angalia kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini mapendekezo ya vijiji hukusanywa miezi mingi kabla. Ombi linalohitaji fedha za halmashauri likifika baada ya Januari, kwa kawaida limeshachelewa kwa bajeti hiyo.

Kamati ya ujenzi, mapokezi au ufuatiliaji

Fedha zikishafika, mkutano mkuu hauna tena mikono ya kutosha. Watu mia tatu hawawezi kuhesabu simenti. Hapo kamati ndiyo njia bora, na inafaa kuliko kikundi kilichosajiliwa kwa sababu imechaguliwa na wote: mwalimu mkuu hawezi kuiambia "ninyi mnamwakilisha nani?"

Madarasa, zahanati na vyoo vingi sasa hujengwa kwa fosi akaunti: fedha huingia akaunti ya shule au kituo, fundi wa eneo hupewa kazi ya ufundi, na vifaa hununuliwa na kamati. Kamati ni tatu, ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Zimetenganishwa kwa makusudi, ili anayenunua asiwe anayepokea. Mtu mmoja akiwa kwenye mbili, mpango wote umevunjika hata kama ni mwaminifu. Baadhi ya vijiji huchagua pia kamati ya ufuatiliaji wa matumizi ya fedha za umma, inayolinganisha kilichopangwa, kilichopokelewa na kilichotumika. Wajumbe wake wasitoke kwenye zile tatu.

Kama kundi lenu lina watu wawili tu wenye muda, waelekezeni kwenye mapokezi. Kwenye manunuzi kuna makaratasi mengi na maamuzi machache, lakini lori likifika uwanjani, kila kitu kinaonekana kwa macho.

Simenti ipangwe kumi kumi na ihesabiwe ikishuka, si baada ya kuingia stoo. Mfuko ni kilo 50. Uliogandana pembeni ukatwe kwenye hesabu. Nondo hapimwi kwa jina. Nondo wa milimita 12 wenye urefu wa mita 12 una uzito wa karibu kilo 10.7, wa milimita 10 karibu kilo 7.4. Chukua watano bila kuchagua, pima urefu kwa futi kamba, kisha watundike kwenye mizani ya mazao. Wakija na kilo 40 badala ya 53, mmeuziwa wembamba, na zege la juu ya dirisha ndilo litakalosema baadaye. Mchanga haupimwi kwa neno "tripu". Panda kwenye bodi ya lori: urefu mita 3.6, upana 2.2, kina cha mchanga 0.6, ni mita za ujazo 4.75. Kama hati inasema 7, andika 4.75 kwenye hati yenyewe, dereva na mjumbe wasaini hapo hapo.

Hati ya kupokelea vifaa ikipelekwa kusainiwa "kesho ofisini", kamati imegeuka kuwa muhuri wa watu wengine. Vivyo hivyo stoo: daftari liwe na safu nne, kilichoingia, kilichotoka, nani amechukua, salio. Fundi akichukua mifuko 12 asubuhi, asaini 12, na jioni iliyobaki irudi kwa sahihi.

Kamati ya ufuatiliaji inahitaji mchanganuo wa vifaa na gharama, taarifa ya fedha zilizoingia na stakabadhi. Wakinyimwa, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwananchi haki ya kuomba kwa maandishi, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Taja nyaraka kwa majina. Ombi la "taarifa zote za mradi" hujibiwa kwa barua ya kurasa mbili isiyo na tarakimu.

Kamati hizi hufa kwa njia mbili. Ya kwanza ni posho. Wajumbe huingia wakitegemea kitu, mwezi wa pili hakijaja, wanabaki wawili. Semeni siku ya uchaguzi kwamba posho hakuna, na gaweni zamu ili kila mtu awe uwanjani siku moja au mbili kwa wiki. Ya pili ni kutoa matokeo kwa kushtukiza. Mjumbe anasimama mkutanoni na kusema mifuko 30 haionekani; mwalimu mkuu anasikia hapo kwa mara ya kwanza; mkutano unageuka ugomvi. Mpeni msimamizi hesabu kwa maandishi siku saba kabla. Mara nyingine mifuko iko kwenye msingi wa nyumba ya mwalimu ambao haukuwa kwenye orodha yenu. Mara nyingine haipo kweli, na siku hizo saba zitawafanya msisutwe.

Kikundi kilichosajiliwa

Sajilini mkiwa na jibu la swali moja: tunataka kumiliki nini? Kama ni mashine, kiwanja, akaunti ya michango au mkopo, usajili ni wa lazima na una faida. Kama mnataka tu kuuliza maswali, hamhitaji.

Mlango ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Andaeni katiba, muhtasari wa kikao cha kuanzisha wenye sahihi za wote, orodha ya wanachama na barua ya mtendaji. Mkitaka kuweka na kukopeshana, mnaingia kwenye Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, inayotaka kikundi cha kijamii kiwe na wanachama 10 hadi 50. Katika katiba, vipengele vinavyookoa urafiki ni vya mwisho ambavyo watu hunakili bila kusoma: mwanachama akifariki hisa zake zinakwenda kwa nani, akihama anarudishiwa lini, kikundi kikivunjika mali inakwenda wapi. Watia saini wa benki wawe watatu, wasitoke nyumba moja.

Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni fedha halali na zimewainua wengi. Lakini kundi lililoanza kwa kuhoji choo cha shule likichukua mkopo huo, aghalabu choo husahaulika. Ni vigumu kuihoji halmashauri inayokudai. Maoni yetu ni kwamba mambo haya mawili yatenganishwe: kikundi cha kiuchumi kiwe na jina na daftari lake, na kundi la majirani libaki bila jina wala akaunti, hata kama watu ni wale wale.

Chombo cha maji au msitu

Hapa hamuanzi kwa hiari yenu. Kwa maji vijijini, Sheria Na. 5 ya 2019 iliunda RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, na kuvitambua vyombo vya watumiaji maji ngazi ya jamii, ambavyo vina akaunti, huuza maji na huajiri fundi. Wanakijiji wengi hupeleka hasira ya pampu kwenye mkutano mkuu na kukuta serikali ya kijiji haina fedha hizo. Pelekeni hoja kwenye chombo, na uchaguzi wake ukifika, gombeeni.

Msituni, nafasi ni kubwa zaidi. Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kijiji kutenga hifadhi ya msitu wa ardhi ya kijiji, kuweka kamati na kukusanya faini na ada. Duru-Haitemba kule Babati, vijiji 8 vilichukua wenyewe ulinzi wa msitu uliokuwa ukielekea kuwa hifadhi ya serikali, miaka kabla ya sheria hiyo. SULEDO ya Kiteto, ambayo jina lake limeunganishwa kutoka Sunya, Lengatei na Dongo, ilipata tuzo ya kimataifa ya Equator mwaka 2002. Bei ya nguvu hii ni uvumilivu: mipaka, mpango wa usimamizi, sheria ndogo. Na sheria ndogo haina meno mpaka wanakijiji washirikishwe kwenye mkutano mkuu na halmashauri ya wilaya iidhinishe. Kijiji kinachotoza faini kwa azimio tupu kinajitafutia kesi.

Kijijini na mjini si sawa

Halmashauri ya Kijiji ni chombo chenye hadhi ya kisheria: inaweza kuingia mikataba, kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa. Tena Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 haiiruhusu kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Kwa hiyo wale wenye wageni wanaopima malisho wana silaha kali mkononi: waende mkutanoni, waombe kusomewa muhtasari ulioidhinisha ugawaji, na kama haupo, waweke azimio la kuusimamisha. Kusajili kikundi kwa jambo hilo ni kupoteza wiki ambazo vigingi vinasimikwa.

Mtaa wa mjini hauna mamlaka hayo. Kamati ya mtaa haimiliki mali na haitungi sheria ndogo; inapeleka hoja juu, kwenye kata. Mkitaka taa za uchochoro, geti au mtaro wa maji ya mvua kwa michango yenu, mjini mtahitaji kikundi kilichosajiliwa mapema kuliko kijijini, la sivyo fedha zitakaa kwenye simu ya mtu mmoja. Mtaro lakini una mtego: ukichimbwa bila mhandisi wa halmashauri kuonyesha unakomwaga, mafuriko yenu yanahamia mtaa wa chini, na majirani wale nao wana haki ya kukutana chini ya mwembe wao.

Njia yoyote mtakayochukua, nyaraka zikae sehemu mbili. Watendaji huhamishwa, na anayekuja hupokea ofisi, meza na mhuri, si kumbukumbu za mwenzake. Wiki ya kwanza ya mtendaji mpya mpelekeeni nakala ya barua yenye mhuri na azimio la mwisho, na mwombeni aliweke kwenye yatokanayo ya mkutano ujao.